Wapangaji wa Siku Moja

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani. Asanteni. Nilipofika nyumbani, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuigeuza nyuma nione kama mmeweka betri, na mlikuwa hamjaweka. Sisemi kwa ubaya. Nasema mjue kwamba kazi hii haikuachi kwa sababu umekatiwa keki na kuimbiwa. Hata sasa nikialikwa harusini, kabla sijatafuta kiti, naangalia kwanza nguzo za hema zimeshikwa na nini.

Mmeniomba niwaandikie niliyoyaona kazini. Ya vyeo na mishahara siandiki; hayo mtayaona wenyewe na mtanung'unika wenyewe. Nitaandika juu ya majengo na watu wanaoyauza, na zaidi juu ya jengo moja la Lurambi ambalo hadi leo nikipita pale shingo inageuka bila kuulizwa.

Kwa mlioajiriwa juzi na hamnijui: mimi nilikuwa mthamini. Kazi yangu ilikuwa kuingia katika jengo la mtu, kulipima, kuligonga, kuulizauliza, halafu kumwambia anayetaka kulinunua kama lina thamani anayoimbiwa. Nilikuja Kakamega nikiwa msichana mwenye cheti kipya na viatu vya visigino. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Hamisi, mtu wa Mumias, mrefu, mkimya, kofia haitoki kichwani. Aliviangalia vile viatu kwa huruma kabisa.

"Binti, hivyo ni vya harusi. Paa utalipanda na nini?"

Nililipanda pekupeku. Mabati yalikuwa na joto la jua la saa sita, na nilishuka nikitembea kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Kesho yake nikaja na raba, na sijavaa visigino kazini tena.

Mzee Hamisi alikuwa akifika kwenye jengo lolote, hata liwe kanisa, anasimama mlangoni na kusema, "Asalaam aleikum." Halafu anafumba macho na kutulia. Mwanzoni nilidhani anaomba dua, nami nikawa nainamisha kichwa kwa heshima. Kumbe alikuwa ananusa! Alisema macho yanahongeka upesi mno, mkebe mmoja wa rangi unatosha, lakini pua haina bei. Ukinusa kwanza, utajua ukuta unanyonya maji, choo kimejaa, au panya wako darini. Akimaliza kunusa ndipo anatoa vyombo vyake mfukoni: nyundo ndogo ya kugongea plasta, tochi, na gololi moja ya kioo, ile ya watoto. Gololi anaiweka sakafuni na kuiachilia. Ikitulia, anaguna. Ikianza kusafiri yenyewe kuelekea ukutani, anamtazama mwenye nyumba bila kusema neno, mpaka mwenye nyumba anaanza kujieleza.

Na alikataa katakata kukagua jengo asubuhi. Nyinyi mnaijua mvua ya Kakamega, inakuja alasiri kama mtu anayeripoti kazini. Basi Mzee alitaka kufika jengoni mvua ikiwa ndiyo imekatika, paa bado linadondoka na mitaro imejaa. Wauzaji walimchukia. Wao husema, "Njoo asubuhi, kuna utulivu." Mkiambiwa hivyo, nyinyi nendeni jioni. Na simu zenu muziweke mfukoni kidogo. Naona siku hizi mnapiga picha za dari halafu mnaenda kuziangalia ofisini. Picha hainusi.

Alistaafu, akarudi kwao Mumias, na sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Nyundo aliniachia mimi.

Miaka yangu ya katikati ilikuwa ya kujifunza uongo wa kila aina. Nilikutana na mwenye nyumba aliyejaza tangi kwa maji ya lori asubuhi ya ukaguzi, akafungulia mifereji yote kwa pamoja ili nisikie maji yanavyonguruma. Nikaenda kushika bomba la maji ya mji. Lilikuwa kavu, limeota utando wa buibui. Nilikutana na mwingine aliyetundika picha kubwa ya Yesu juu ya ufa. Nilimwomba ruhusa ya kuishusha, akakasirika, akaniuliza mimi ni wa dini gani. Nikamwambia nimebatizwa, na nikaishusha kwa heshima, na vidole vyangu vyote vikaingia ndani ya ule ufa.

Halafu mji ukabadilika. Ofisi za kaunti zilikuja, chuo kikapanuka, na kila mtu akawa mwekezaji. Wauguzi, walimu, wakulima waliochoka kungoja viwanda vya miwa viamke, wote walitaka ghorofa yenye maduka chini na vyumba juu. Sikuwalaumu. Mtu amefundisha maisha yake yote, anapewa pensheni, anaogopa kuila ikaisha. Lakini pesa za namna hiyo zina harufu, na madalali wanazinusa kuliko Mzee Hamisi. Ndipo nikaanza kulala vibaya. Jengo likiwa zuri nilishuku, likiwa baya nilishuku, likiwa na bei ya haki ndiyo nilishuku kabisa.

Katika miaka hiyo ya mwisho ndipo alipokuja Mwalimu Barasa. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu kutoka Lumakanda, mtu safi, suti ya kijivu, kalamu mbili mfukoni kana kwamba kengele italia wakati wowote. Alikuja na mwanawe wa kwanza, Dennis, kijana mrefu mwenye sauti ya upole sana. Walitaka kununua ghorofa moja pale Lurambi, karibu na barabara ya kwenda Webuye. Pensheni peke yake haikutosha, kwa hiyo Mwalimu alikuwa anauza shamba. Mnunuzi wa shamba alishapatikana, na wiki iliyofuata walikuwa wasimame mbele ya bodi ya ardhi, iidhinishe uuzaji.

"Shamba gani, Mwalimu?" nikauliza.

"Letu. La nyumbani. Tutabaki na kipande cha nyumba tu."

"Na mama amekubali? Bodi itataka kumwona."

Mwalimu akaangalia kalamu zake. "Nitamwambia asubuhi ya siku hiyo. Nikimwambia mapema atashtuka, ataita ndugu zake, watakuja na maneno. Madam, hili jambo likae hivi hivi. Watu wetu wana macho. Na tafadhali, pale Lurambi usiulize majirani. Ingia, pima, toka."

Hapo ndipo nataka msome polepole. Huu ndio ugonjwa wa watu wetu, na nimeuona kwa matajiri na maskini. Mtu akitaka kununua kitu kikubwa anakificha kama wizi. Anaogopa kijicho, anaogopa shemeji wa kukopa, anaogopa kuchekwa kikiharibika. Kwa hiyo haulizi mtu yeyote. Jirani anayejua kwamba kisima ni kibovu hajulishwi, na mke anayejua hesabu kuliko mumewe hajulishwi. Anabaki na mtu mmoja tu wa kumwamini, na huyo mmoja ndiye aliyeleta mpango. Mimi nikisikia mteja anasema "usiulize majirani", naanza kumtafuta jirani papo hapo.

Nilienda. Dennis alisisitiza asubuhi, nikasema jioni, tukavutana mpaka tukakubaliana saa nane mchana. Mayi! Jengo lilikuwa limejaa. Chini kulikuwa na saluni yenye wanawake wamekaa chini ya mashine za kukausha nywele, duka la agroveti la mbegu na dawa za ng'ombe, duka la dawa za watu, hoteli yenye meza na vitambaa. Juu kulikuwa na kanisa, na ingawa ilikuwa siku ya kazi, waumini walikuwa wanaimba kwa nguvu. Mwalimu alisimama katikati ya ua akitabasamu.

"Unaona, Madam? Hakuna chumba kitupu."

"Naona," nikasema. Nilikuwa naona kweli, na hilo ndilo lililoniudhi.

Niliingia agroveti, nikafumba macho. Hakuna kitu. Nyinyi mmewahi kuingia agroveti? Harufu yake inakupokea barabarani. Dawa ya kupe, dawa ya mahindi, zinakukwaruza koo, zinakaa kwenye nguo hadi ufue. Hapa palinuka rangi na maandazi. Makopo yalipangwa vizuri, yamefungwa. Nikamuuliza yule kijana wa kaunta mtu mwenye kupe kwenye ndama anapewa nini. Akanipa dawa ya minyoo.

Nikaenda hotelini. Jiko la kuni nyuma, na ukuta wa jiko ni mweupe pe. Nikaenda saluni, nikaona sinki haina hata unywele mmoja kwenye tundu. Bado nikajiambia, labda wamehamia juzi. Mtu akishuku sana anaweza kumwonea mwenzake.

Kisha tukaenda kuangalia mlango wa chuma wa nyuma. Dennis alikuwa amesema mbele ya babake kwamba yeye, kama sisi, anaingia mle kwa mara ya kwanza. Alitangulia. Alishika komeo, akauinua mlango kidogo kwenda juu, akausukuma kwa goti upande wa chini, ukafunguka. Alifanya hivyo huku anaongea mambo ya bei, haangalii hata mkono wake. Mlango uliokaa vibaya haufunguki kwa mgeni, jamani. Mgeni husukuma, unakataa, anavuta, unakataa, anatukana. Anayeuinua kidogo ni mtu aliyeufungua mara nyingi. Nilipima upana nikaandika.

Siku ya soko nilirudi peke yangu. Siku ambayo hata muuza sindano anafungua, jengo lote lilikuwa limefungwa. Kimya. Hakuna saluni, hakuna waumini, kupitia dirishani naona agroveti imebaki kuta tupu. Mteja alikuwa amenikataza kuuliza majirani, lakini hakunikataza kunywa chai. Nikavuka barabara hadi kwenye kibanda cha mama mmoja mnene, mcheshi, nikaagiza chai na mandazi.

"Hapo wamefunga leo?" nikauliza, kama mtu anayeongea tu.

"Hapo?" Akacheka mpaka birika likatikisika. "Hapo wanafunguanga wageni wakikuja. Hata mimi juzi nilikuwa saluni! Niliwekwa kwa ile mashine, haina stima, nikaambiwa nisome gazeti. Na vile sijawahi kaa chini mchana hivyo, karibu nilale."

"Nani alikuweka?"

"Kijana mmoja mrefu, mpole sana. Dennis. Anakujanga na mwenye jengo, wanakunywa chai hapa. Ameahidiwa fungu lake jengo likiuzwa." Akanimiminia tena. "Sura yako kama nakujua, mama."

"Hatujuani," nikasema. Sikuongopa sana, siku ile alikuwa chini ya mashine.

Nikampigia Mwalimu simu. Ikapokewa na Dennis. "Baba amepumzika, Madam. Ripoti nitumie mimi." Nikapiga jioni, Dennis tena. Ndipo nikakumbuka kwamba namba ile niliandikiwa na Dennis. Siku ya bodi ilikuwa inakaribia. Asubuhi nikawasha kigari changu, nikaenda Lumakanda mwenyewe.

Nyumbani kwa Mwalimu palijulikana na kila mtu, nikaonyeshwa upesi. Mwalimu hakuwepo, alikuwa kanisani kwenye kikao. Nilipokelewa na mkewe, Mama Dennis, mwanamke mwembamba, gambuti miguuni, jembe begani. Alisimama pale langoni akanipima kuanzia nywele hadi viatu. Mimi niliyepima watu na majengo maisha yote, sijawahi kupimwa hivyo.

"Mulembe, mama. Namtafuta Mwalimu."

"Mulembe. Wa wapi?"

"Kakamega mjini."

"Ahaa," akasema. "Kakamega." Akaitamka kama jina la ugonjwa. "Mume wako yuko?"

"Alifariki."

"Pole." Jembe likashuka chini taratibu. "Na Mwalimu mlijuana wapi?"

"Ni mambo ya kazi, mama."

"Kazi gani, na yeye amestaafu?"

Ndipo nikaelewa. Mume anavaa suti kila wiki, anaenda Kakamega, anarudi hasemi alikuwa wapi, simu anaificha. Na leo amekuja mjane, ana gari, amepaka mafuta ya mdomo. Nilikuwa mpango wa kando! Katika umri wangu huu! Ningecheka, lakini siri ilikuwa ya mteja, si yangu kuifungua. Nikafunga mdomo, na kadiri nilivyoufunga ndivyo nilivyozidi kuonekana mwizi wa waume.

Lakini mgeni ni mgeni. Alichinja ingokho, kuku wa mgeni, akasonga obusuma, ugali wetu, na wakati kitoweo kinaiva akanitembeza shambani. Nadhani alitaka nione ninamwibia nani. Mahindi yalikuwa yamefika mabegani. Akanionyesha alipokatia visiki yeye mwenyewe wakati Mwalimu akifundisha mbali na kuja mwisho wa muhula. Akanionyesha alipolala mama mkwe wake, na kando yake alipolala mtoto wao wa pili. Alisema ada ya wanawe wote imetoka kwenye mistari ile, na ya Dennis ndiyo ilikuwa kubwa. Nilikuwa naitikia "mm, mm" bila kumtazama usoni, kwa sababu mimi nilijua kilichopangwa na mwenye jasho hakujua.

Mwalimu aliporudi na kunikuta mezani, kofia ilimtoka mkononi.

"Madam. Twende tuongee nje kidogo."

"Hakuna nje," mkewe akasema. Hakupaza sauti. "Semeni hapa. Nimempikia, basi nitamsikia."

Nikamwambia Mwalimu, "Mimi ni mtumishi wako. Ukinikataza, nitakula niondoke. Lakini nilichokuja nacho hakingoji siku ya bodi."

Akamtazama mkewe, akanitazama mimi. Nafikiri alikuwa anachagua aonekane mwovu wa namna gani. Mwisho akakaa.

"Sema."

Nikasema yote. Jengo ni tupu. Wale wapangaji wote walikodishwa kwa siku moja, hata wale waumini, hata mama wa chai wa ng'ambo ya barabara aliyewekwa saluni. Agroveti haijawahi kuuza dawa pale. Mwalimu alisikiliza kama mtu anayesahihisha mtihani, halafu akauliza kwa sauti kavu, "Walikodishwa na nani?"

"Dennis."

"Umekosea."

"Mwalimu, ule mlango wa nyuma..."

"Nimesema umekosea!" Akapiga meza, mchuzi ukaruka. Mara ya kwanza kumwona amepandwa na hasira. "Huyo ni mtoto wangu wa kwanza. Ndiye niliyemwambia peke yake."

"Najua," nikasema. "Mpigie."

Alichukua simu, akafungulia spika, akaiweka mezani ili sote tusikie. Dennis akaitikia kwa ile sauti yake laini, "Naam, Baba."

"Dennis. Yule mama wa chai wa Lurambi. Ni wewe ulimweka kwa saluni siku ile?"

Kama kijana angesema "mama gani?" au "saluni gani?", nina hakika Mwalimu angemwamini na mimi ningefukuzwa. Dennis akasema, "Baba, nani amekuambia?"

Mwalimu akazima simu. Akazitoa zile kalamu mfukoni, akaziweka mezani, sijui kwa nini.

Mama Dennis alikuwa bado amesimama na birika la maji ya kunawa. "Mimi sijaelewa kitu kimoja," akasema. "Jengo lingenunuliwa kwa pesa zipi?"

Akaangalia nje kupitia mlangoni, kwenye mahindi. Nikaona imemwingia. Kisha akanisogezea beseni, akanimiminia maji mikononi polepole.

"Mama," akaniambia, "tangu ufike nilikuwa naomba Mungu usiwe mwanamke wake. Sasa heri ungekuwa."